Pesa ya Chakula Haijipunguzi Yenyewe



Jumamosi ile ya umuganda, tulipomaliza kazi, tulikaa pale Nyamirambo watu kama kumi na wawili, tukawa tunapanga mada za kuandika. Mimi nikasema niko na mada: jinsi maneno na sentensi vinavyobeba maana. Watu wakacheka. Ndugu mmoja, na ninamheshimu sana, akaniambia: "Bana, watu wako na njaa, wewe unataka kutufundisha sarufi?" Siku ile sikumjibu vizuri kwa sababu nilikasirika. Leo namjibu. Ndugu yangu, njaa yetu inatangazwa kwa sentensi. Kama hatujui sentensi inavyofanya kazi, hatutajua hata nani wa kumuuliza kuhusu hiyo njaa.

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili msiseme nanyooshea wengine kidole.

Kambini nilikuwa mtu wa kujitolea, na kazi yangu ilikuwa kutafsiri kwenye mikutano. Karatasi inakuja kwa Kiingereza, mimi naitoa kwa Kiswahili, mwenzangu anaitoa kwa Kinyarwanda. Jina la kambi na jina la ofisi siyataji, maana leo sigombani na ofisi. Nagombana na mimi na ninyi. Siku moja karatasi ilikuja na habari mbaya. Ilikuwa na mistari kama mitano hivi. Ilisema pesa ya chakula imepunguzwa. Ikaeleza kwamba wafadhili walitoa kidogo kuliko kilichoombwa. Ikasema ofisi gani ilipitisha uamuzi huo na utaanza tarehe gani. Jua lilikuwa kali, watu wamesimama tangu asubuhi, watoto wanalia. Mimi nikafupisha. Nikasema: "Pesa ya chakula imepungua kuanzia mwezi ujao. Tuvumiliane."

Mama mmoja mzee, yule anayeuza nyanya karibu na bomba la maji, akainua mkono. Akaniuliza: "Mwanangu, imepungua yenyewe?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamjibu: "Mama, ndivyo ilivyoandikwa."

Haikuwa kweli. Haikuandikwa hivyo.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Watu waliposikia "imepungua" walianza kutafuta wenyewe nani kaipunguza, kwa sababu mtu mwenye njaa hakubali kwamba pesa inayeyuka kama barafu. Na mtu akitafuta, anaanza na aliye karibu. Wafadhili wako mbali, hatujawahi kuwaona. Aliye karibu ni kiongozi wa kartie. Ndani ya wiki moja maneno yakazunguka kwamba ameuza majina yetu, kwamba mke wake amenunua kitenge kipya, kwamba mtoto wake anakula mayai. Usiku mmoja jiwe likarushwa kwenye bati la nyumba yake. Nani alilirusha, sijui mpaka leo. Ndiyo maana nasema "lilirushwa". Ningesema "lilianguka", ningekuwa nimewadanganya. Yule mzee aliacha uongozi, na mpaka leo hapitii pale bombani.

Neno langu moja lilichangia. Si peke yake, lakini lilichangia. Na neno lenyewe lilikuwa na herufi chache tu za kutofautiana: imepungua, imepunguzwa.

Tuangalie basi hizi herufi zinafanya nini, na yeyote aliyesoma sekondari atakumbuka. Kiswahili kinaweza kuchukua jambo moja na kulisema kwa kauli mbalimbali:

Ofisi imepunguza pesa.
Pesa imepunguzwa na ofisi.
Pesa imepunguzwa.
Pesa imepungua.

Kiasi kilichobaki mfukoni ni kilekile katika sentensi zote nne. Lakini maana si ile ile. Ya kwanza inamtanguliza mtendaji, unamwona kabla hujaona kitu kingine. Ya pili inatanguliza pesa, mtendaji anakuja nyuma, ila yupo, ameshikwa mkono na kale kaneno kadogo "na". Ya tatu mtendaji hayupo, lakini nafasi yake ipo. Mtu yeyote mwenye masikio anaweza kuuliza: imepunguzwa na nani? Ile "w" ndogo kabla ya "a" inakuambia kwamba kuna mtu, hata kama hajatajwa.

Ya nne haina hata nafasi. Jaribu kusema "pesa imepungua na ofisi". Haisemeki. Ulimi wenyewe unakataa. Neno "pungua" limefunga mlango wa mtendaji kabisa, limefanya jambo lionekane kama mvua au kama jioni kuingia. Kumbe ile karatasi ya Kiingereza ilikuwa kwenye sentensi ya tatu, na chini yake ikamtaja mtendaji. Mimi ndiye niliyeishusha mpaka ya nne. Ofisi haikunituma. Nilijituma mwenyewe.

Na msiniambie kwamba hili ni jambo la wasomi. Kila mtoto wa kwetu analijua kabla ya kuanza shule. Anavunja kikombe, anaenda kwa mama yake, anasema: "Mama, kikombe kimevunjika." Hasemi "nimevunja". Hasemi hata "kimevunjwa", maana anajua swali litakalokuja. Na mama naye anaijua sarufi vilevile, anajibu: "Kimejivunja chenyewe?" Hata wenzetu wa Kinyarwanda wanayo hiyo hiyo. Mtoto anasema "igikombe cyamenetse". Na kwenye pesa, "amafaranga yagabanutse" ni kupungua, "yagabanyijwe" ni kupunguzwa. Kwa hiyo hatuwezi kusingizia lugha kwamba haina njia. Njia zote zipo. Ni sisi tunaochagua.

Yule mama wa nyanya, ambaye hajui kusoma, alisikia "imepungua" akaidai "imepunguzwa". Mimi mwenye diploma ya sekondari nikamcheka.

Tuendelee na neno lenyewe linalotutaja. Mkimbizi. Liweke kwenye mstari mmoja na wenzake: anayepika ni mpishi, anayejenga ni mjenzi, anayelinda ni mlinzi. Majina haya yanamwita mtu kwa kazi anayoifanya siku zote. Kwa hiyo mkimbizi ni nani? Ni mtu ambaye kukimbia ndiyo kazi yake? Mama yangu alikimbia siku chache katika maisha yake. Siku zingine zote, miaka na miaka, amekaa sehemu moja akisubiri. Angekuwa mkimbiaji wa uwanjani, angepewa medali akapumzika.

Lakini kitu kinachoniuma zaidi katika neno hilo ni kile kile cha pesa ya chakula. Mkimbizi amekimbia, sawa. Nani alimkimbiza? Neno halisemi. Ukisema "tulikimbia Masisi", umesema miguu yetu. Ukisema "tulikimbizwa Masisi", umesema miguu yetu na bunduki iliyokuwa nyuma yetu. Kwa herufi mbili tu, "z" na "w", mtu mwingine ameingia kwenye hadithi, na ni mtu anayepaswa kujibu. Sisemi tulifute neno mkimbizi. Hapana, neno hilo ndilo linalotulinda kwenye sheria, kadi yangu nitaishika vizuri. Nasema tunapohadithia wenyewe, kwa wadogo zetu waliozaliwa kambini, tuwaambie tulikimbizwa. Mtoto anayesikia kila siku kwamba wazazi wake "walikimbia" anaweza kukua akidhani walikuwa waoga tu.

Ndugu yangu wa Nyamirambo atasema: hayo ni maneno ya nyumbani, wakubwa hawajali maneno. Wanayajali sana, tena kuliko sisi. Angalia ile sheria yenyewe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi ulipitishwa Geneva mwaka 1951. Ulieleza mkimbizi ni nani, na ndani ya sentensi hiyo kukawa na kipande kidogo kinachosema kwamba hofu ya mtu lazima itokane na matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951. Tena nchi iliruhusiwa kuchagua kama matukio hayo ni ya Ulaya tu, au ya Ulaya na kwingineko. Sasa mchukue mtu aliyetoka Rwanda mwaka 1959 akaingia Uganda au Burundi, au Mkongomani aliyevuka mpaka katika vita vya mwaka 1964. Wote wamepoteza nyumba, wote wana hofu ya kweli. Lakini kwa kipande kile cha sentensi hawakuhesabika. Tarehe moja katikati ya sentensi iliacha nje karibu wote waliokimbizwa Afrika. Ilibidi ije Itifaki ya mwaka 1967 kukiondoa kipande hicho. Hakuna ukuta uliobomolewa. Yaliondolewa maneno, na watu wakaingia ndani ya sheria.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1969, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake Addis Ababa. Wao waliongeza maneno. Wakasema mkimbizi ni pia mtu anayelazimika kuondoka kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, kukaliwa na nguvu za kigeni, au matukio yanayovuruga sana amani, iwe katika nchi yake yote au katika sehemu yake. Someni tena hapo mwisho: au katika sehemu yake. Wewe uliyetoka Rutshuru, wewe uliyetoka Kalehe, hebu fikiria neno hilo lisingekuwepo. Mtu angekuambia: "Kinshasa kuko shwari, watu wanacheza muziki, kwa nini usiende Kinshasa?" Hilo neno "sehemu" limekaa pale miaka zaidi ya hamsini likikujibia.

Sasa niambieni kama sentensi ni mchezo wa shule.

Mkataba ule ule wa 1969 unasema pia kwamba kurudi nyumbani lazima kuwe kwa hiari, na mkimbizi asirudishwe bila kupenda kwake. Hapa tena Kiswahili kinaonyesha mpaka waziwazi: kurudi, kurudishwa. Kurudi unafanya wewe. Kurudishwa unafanyiwa. Kati ya maneno hayo mawili ndimo sheria yote ilimo. Na kuna neno la ujanja linalopenda kukaa katikati.

Twende Rusumo, kule Kirehe, wilaya ile ile ambayo leo ina kambi ya Mahama. Mwanzoni mwa Desemba 1996 serikali ya Tanzania na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walitoa tangazo la pamoja kwa Wanyarwanda waliokuwa kwenye kambi za Ngara na Karagwe. Maana yake ilikuwa kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wanatarajiwa kurudi kwao ifikapo tarehe 31 Desemba. Najua kambi zile zilikuwa na mambo mazito, na ndani yake walikuwemo hata watu waliohusika na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Hayo yana mahali pake, siyaingilii leo. Mimi natazama neno moja tu: wanatarajiwa. Wanatarajiwa na nani? Na asipofanya kinachotarajiwa, itakuwaje? Tangazo halikutumia "watarudishwa". Lakini wengi walipofunga mizigo na kuelekea ndani zaidi ya Tanzania, wanajeshi waliwazuia na kuwageuza, na mamia ya maelfu wakavuka daraja la Rusumo ndani ya wiki chache. Neno lilikuwa laini, daraja halikuwa laini. Mtu aliyejua kusikiliza ile "wanatarajiwa" angeelewa mapema kwamba ndani yake kuna mtu mwenye nguvu anayesubiri.

Kwa hiyo siku ukiwekewa mezani karatasi inayosema "nimeelezwa, nimekubali", kabla hujatia kidole kwenye wino uliza: nimeelezwa na nani, lini, kwa lugha gani? Hilo si swali la ukorofi. Ni kujaza nafasi ambayo sentensi yenyewe imeiacha wazi.

Niko na mfano mwingine wa kambini, mdogo lakini mkali. Tangu mwaka 2021 msaada wa chakula katika kambi za Rwanda unagawanywa kulingana na hali ya kila familia. Wengine wanapata zaidi, wengine kidogo, wengine hawapati. Sibishani leo kama mpango ni mzuri au mbaya. Nasikiliza tunavyosema. Familia ikiondolewa kwenye orodha, sisi watu wa kujitolea tunasema: "Hawa hawahitaji." Angalieni vizuri. "Hawapewi" ni habari ya anayetoa. "Hawahitaji" ni habari ya tumbo lao. Nani ametuambia habari ya tumbo lao? Tunajua tu kwamba hawapewi. Lakini tukishasema "hawahitaji" mara kumi, jirani anaamini, na siku mtoto wao akija kuomba unga, anafukuzwa kama mwongo.

Sasa nageukia kwetu wenyewe, maana kuna watu hapa wanafurahi wakidhani nashambulia ofisi tu.

Pesa ya kikundi chetu. Mwezi wa tatu tuliuliza michango iko wapi, tukajibiwa: "Michango imeisha." Imeisha! Kama mafuta ya taa. Hakuna aliyesema "tumeitumia", wala "fulani aliikopa kwa nauli". Na sote tukanyamaza, tukaandika hivyo hivyo kwenye daftari. Sisi tunaodai ofisi zitutajie mtendaji.

Na wasichana wetu. Msichana wa jirani akiacha shule, tunasema: "Amepata mimba." Ameipata wapi? Njiani, kama mtu anayeokota noti ya mia tano pale Nyabugogo? Kiswahili kina "amepewa mimba". Kinyarwanda kina "yatewe inda". Ukitumia hayo, swali la pili linakuja lenyewe: na nani? Lakini sisi vijana wanaume tunapenda "amepata", kwa sababu haina nafasi ya jina letu. Sentensi ni ileile ya kikombe. Tofauti ni kwamba mtoto wa kikombe ana miaka minne.

Kuna wawili ambao lazima niwajibu kabla sijamaliza.

Wa kwanza anasema: "Maneno hayajazi tumbo." Kweli, hayajazi. Siku ile kama ningetafsiri vizuri, pesa ya chakula ingebaki imepunguzwa vilevile. Mama wa nyanya asingepata hata faranga moja zaidi. Nakubali. Lakini yule mzee wa kartie asingerushiwa jiwe. Na watu wangejua barua yao ya malalamiko waielekeze wapi, badala ya kuielekeza kwenye bati la jirani. Hilo si dogo.

Wa pili anasema: "Ukitaja mtendaji utaleta fujo." Huyu namsikia sana kwenye semina zetu. Mimi nimeona kinyume chake kwa macho yangu. Fujo ililetwa na "imepungua". Mtu akiambiwa nani ameamua na kwa sababu gani, anaweza kukasirika, lakini hasira yake ina anwani. Mtu asiyeambiwa, hasira yake inatembea usiku.

Na kuna siku hatujui mtendaji ni nani. Siyo kila "imepungua" ni uongo. Maji ya mto yanapungua, nguvu za mzee zinapungua, hakuna wa kushtakiwa hapo. Na kama kuna mtendaji ila hatumjui, tuseme wazi: "imepunguzwa, na sisi hatujaambiwa na nani." Hiyo ni tafsiri halali. Inaacha nafasi wazi mpaka atokee wa kuijaza.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu wote mnaotafsiri, kambini na hapa Kigali, kwenye kliniki, shuleni, kwenye mikutano. Karatasi ikisema "imepunguzwa", usiseme "imepungua". Karatasi ikitaja mtendaji, mtaje, hata kama jua ni kali. Na mtu mzee akiuliza "yenyewe?", usicheke.

Mimi nilirudi kambini mwezi uliopita. Nilimkuta yule mama palepale na nyanya zake. Nikamwambia: "Mama, siku ile nilikosea. Pesa haikupungua, ilipunguzwa." Nikamsomea mistari yote mitano kutoka kwenye simu, pamoja na jina la ofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho akifunga nyanya za mteja. Kisha akaniambia: "Hiyo nilijua, mwanangu. Nilitaka useme wewe, na watu wote wasikie."

Kwa mzee wa kartie bado sijaenda. Nitaenda wiki hii.

Ninyi mnasemaje? Ndugu yangu wa Nyamirambo, nasubiri jibu lako. Na mtunza hazina wetu, nawe pia.